Nimemaliza PCM, nataka kusomea uinjinia wa taka, umeme na miji mpaka niwe profesa. Naomba ushauri wenu

mtoto_wa_wete

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie ni msichana wa Pemba, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo alhamdulillah mazuri, sa hivi nipo kwenye kuchagua vyuo na nyumbani kila mtu ana lake. Baba anataka nisomee uinjinia wa majengo na barabara maana anaona kazi zipo, mjomba anasema kompyuta tu ndo dunia ya sasa. Mie moyo wangu upo kwenye taka na umeme na namna mji unavoendeshwa, nikisema hivo watu wananitizama tu, kwani taka nazo zinasomewa?

Kilichonitia hamu ni IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, walipofungua chuo hapa Zanzibar 2023, nikasoma kuhusu Profesa Preeti Aghalayam aliyekuja kukiongoza, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo cha IIT, na fani yake ni uinjinia wa kemikali. Basi nikaanza kufatilia maisha ya maprofesa wengine wa uinjinia, nikaona hawa wanaoshughulika na miji na nishati na taka wengi hawakuanza na miji. Huyu kaanza na kemikali, yule kaanza na maji, mwengine mitambo, afu miaka inakwenda unawakuta wote wako kwenye jambo moja. Sielewi wanafikaje huko.

Naomba mnaojua mnambie nianze na digrii gani, na huyo profesa wa mambo haya akiamka asubuhi anafanya nini hasa, na jengine ni kwamba je huku visiwani kwetu kuna cha kutafiti au mpaka mtu aende ulaya? Ahsanteni.

injinia_wa_ngambo

Waalaykum salaam mwanangu, hongera sana na Mwenyezi Mungu akufungulie. Nimefanya kazi za maji na usafi hapa Unguja miaka mingi na hili suala lako nimelisubiri kwa hamu aje kijana aliulize, kwahiyo nivumilie nitaandika refu.

Uliloliona ni kweli, wanaanzia pembeni mbalimbali na wanakutana kati, na sababu yake ni kwamba mji ni kitu kinachokula na kutoa. Kinachoingia lazima kitoke kwa sura nyengine, maji yataingia masafi yatatoka machafu, chakula kitaingia sokoni kitatoka maganda, mafuta yataingia bandarini yatatoka moshi. Mtu akianza kuhesabu kimoja tu, akikihesabu kwa ukweli, atajikuta anahesabu na vyengine vyote.

Mfano mzuri ni Abel Wolman wa Marekani. Alizaliwa 1892, akaanza kazi idara ya afya ya jimbo la Maryland, kazi yake maji ya kunywa, na 1919 yeye na mkemia Linn Enslow wakatoa njia ya kujua maji haya yatiwe klorini kiasi gani maana kabla yake watu wakitia kwa kukisia. Hiyo peke yake imeokoa roho za watu wasiohesabika. Baadae akawa profesa Johns Hopkins, na 1965, mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, akaandika makala kwenye jarida la Scientific American akachukua mji wa kufikirika wa Marekani wenye watu milioni 1 akauhesabia kila kitu kwa siku. Maji yanaingia tani 625,000, chakula tani 2,000, mafuta na makaa na gesi tani 9,500. Kinachotoka, maji machafu tani 500,000, taka ngumu tani 2,000, uchafu wa hewani tani 950. Hesabu ya kujumlisha na kutoa, lakini kuna taaluma nzima leo ya kusoma miji inayoitegemea makala ile.

Sasa tizama kwetu. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na sisi ni kisiwa, yani karibu kila kinachoingia kinapita bandarini au uwanja wa ndege au kwenye waya wa umeme chini ya bahari. Mtafiti wa bara au wa ulaya anahangaika kujua mji wake unaanzia wapi na unaishia wapi, sisi mpaka wetu ni bahari. Kwahiyo ukiniuliza kama kuna cha kutafiti hapa nakwambia wenzetu wangetamani wapate mahali kama hapa.

Na kuna jambo la jiwe. Unguja hii hasa upande wa mashariki na kusini ni jiwe la matumbawe, lina matundu, mvua ikinyesha inazama haifanyi mto. Na maji yetu tunayokunywa yako chini humo humo, kwenye visima na chemchem. Sasa ukimwaga taka juu ya jiwe la namna hii bila ya kutandika kitu chini, yale maji meusi yanayochuruzika kwenye taka hayana pa kusimama, yanakwenda chini. Jaa la taka na kisima ni jambo moja kwetu. Ndo maana mie nasema mtu wa taka hapa lazima ajue na miamba na maji, na hilo halifundishwi vizuri popote zaidi ya hapa hapa kwenye maweni yetu.

Digrii ya mwanzo chukua ambayo ni msingi mgumu, iwe kemikali, au mazingira, au hiyo hiyo ya majengo anayoitaka baba. Chuo Kikuu Ardhi kule Dar wana uinjinia wa mazingira na wana uinjinia wa huduma za miji na viwanda, Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana kemikali. Mwambie baba kuwa mtu wa majengo anaejua mabomba, udongo na zege ndo anaejenga jaa la kisasa, huenda akaridhika na wewe ukapata unachokitaka.

muuza_vyombo_darajani

Mie si msomi nina biashara yangu Darajani lakini hili la taka nalijua maana naliona kila siku. Saa tisa alaasiri pale sokoni kuna mikungu ya ndizi, makumbi ya nazi, mafuu ya madafu, maembe yaliyooza, matumbo ya samaki, afu juu yake mifuko na mapempasi kutoka majumbani, vyote kontena moja. Sasa mie nauliza kitu kimoja, kwanini zisichomwe zote tukapata umeme wetu wenyewe? Nasikia Ethiopia wamefanya. Tusisahau 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika tukakaa giza karibu mwezi mzima, mwezi wa tano mpaka wa sita, afu ikaja ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu jamani. Samaki wameoza, pampu hazitoi maji, kinamama na ndoo barabarani. Mtoto kama huyu akisoma haya asomee hilo, kutuondoshea utegemezi wa waya.

injinia_wa_ngambo

Kaka yangu umesema kitu cha maana na hamu yako naielewa, ile miezi mitatu kila mtu ana lake la kusimulia. Ngoja nijibu vizuri maana hapa ndo unapoonekana umuhimu wa kuwa na mtu aliyesoma.

Hizo ulizozitaja, mikungu, maembe, matumbo ya samaki, ni maji. Kilo moja ya taka za chakula inaweza kuwa na maji gramu 700. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kilo moja inataka karibu megajuli 2.5 za joto, kwahiyo gramu 700 zinakula karibu 1.8. Kilichobaki ni gramu 300 za kitu kikavu chenye kama megajuli 17 kwa kilo, yani 5 hivi, toa zile 1.8 umebaki na 3 na kidogo. Na Benki ya Dunia kwenye muongozo wao wa mitambo ya kuchoma taka wanasema wastani wa mwaka uwe angalau megajuli 7 kwa kilo na usishuke chini ya 6 wakati wowote, la sivyo unatia mafuta ili kuchoma. Sasa tutaagiza dizeli kuja kuchomea maembe?

Addis Ababa walijenga kweli mtambo wa Reppie, ulizinduliwa 2018, uwezo wake kama megawati 25, gharama dola karibu milioni 120. Addis ni mji wa mamilioni ya watu, taka zao kwa siku huwezi kulinganisha na zetu. Sisemi haiwezekani milele, nasema mwenye kuamua lazima kwanza awe na takwimu za mwaka mzima, masika na kiangazi, Ramadhani na msimu wa watalii, maana taka za hoteli za Nungwi na Paje si taka za Mwembemakumbi.

Kwa taka za maji maji njia yake ni biogesi, unazifungia bila hewa vijidudu vinazila vinatoa gesi. Tani moja ya mabaki ya chakula inaweza kutoa kama mita za ujazo 100 za gesi, na kila mita ni umeme kama uniti 2, kwahiyo unapata uniti 200 hivi, hizi hizi uniti za umeme wa kulipia kabla tunazonunua za Tukuza. Bara pale Hale Tanga ulijengwa mtambo wa umeme wa biogesi ya mabaki ya mkonge, ukazinduliwa 2008. Lakini inataka taka zitenganishwe hapo hapo sokoni, mfuko mmoja wa pempasi ukiingia mtambo unaziba. Kwahiyo wewe mwenye biashara Darajani ni sehemu ya mtambo, bila ya nyie hakuna injinia atakaefanikiwa.

mzanzibari_kyushu

Salaam kutoka Japani. Nimeona thread nikasema lazima nichangie maana nipo kisiwa cha Kyushu nasoma na huku karibu yangu ndo kwenye mji wa Fukuoka, na dada ameuliza profesa anafanya nini, mie namjua mmoja kwa kazi zake atakaempendeza.

Profesa Masataka Hanashima wa Chuo Kikuu cha Fukuoka. Fukuoka ya miaka ya 60 ilikuwa na jaa la kawaida tu, nzi, harufu, maji meusi yanatiririka. Yeye na wenzake chuoni wakishirikiana na manispaa ya mji wakawa wanafanya majaribio ya kuoza kwa taka, na wakagundua jambo. Wakaweka chini ya jaa bomba kubwa lenye matundu, wakalizungushia mawe, na mdomo wa bomba wakauacha wazi nje kwenye bwawa la kukusanyia maji. Maji ya taka hayakai tena ndani yanatoka haraka. Afu taka zinapooza zinapata moto wenyewe, hewa ya moto inapanda juu kupitia mabomba ya kusimama, ikipanda inavuta hewa baridi kutoka ule mdomo wa chini. Hakuna pampu wala umeme, jaa linavuta pumzi lenyewe!! Na penye hewa, gesi ya methani inapungua, na methani kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule. Maji yanayotoka nayo yanakuwa masafi zaidi.

1975 wakaitumia njia hii kwenye jaa la Shin-Kamata, 1979 serikali ya Japani ikaiingiza kwenye muongozo wa nchi nzima. Mwenzake Profesa Yasushi Matsufuji akaibeba akaitembeza duniani miaka na miaka, Malaysia, Samoa ambao nao ni watu wa visiwa kama sisi, Kenya kule Kiambu. Na Addis kwenye jaa la Koshe, lile lililoporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya 110, njia hii ndo iliyopelekwa baada ya maafa kulituliza lile lima la taka. Na kwa nchi zisizo na pesa wanafundisha kutumia mianzi badala ya mabomba, mapipa ya mafuta yaliyotoboka, matairi mabovu. Mianzi jamani, Pemba tunayo!

Kwahiyo dada yangu, huyo ndo profesa wa haya mambo akiamka asubuhi, kuna siku anafundisha, kuna siku anaomba fedha za utafiti, na kuna siku yuko jaani na viatu vya mpira anapima joto la taka. Mie nikifikiria jaa letu la Kibele kule Unguja na jiwe letu lile la matumbawe, halafu nifikirie bomba lile na mawe yake, moyo unanienda mbio. Njoo usome urudi tuyafanye.

bi_mwalimu

Nitasema machache maana wataalamu wameshasema. Mie ni mwalimu wa skuli ya sekondari, nimesindikiza wasichana wengi kwenda vyuoni.

Mwanangu ukitaka kubaki chuoni kufundisha, tunza GPA, yani wastani wa alama zako, toka muhula wa kwanza. Kanuni za vyuo vikuu Tanzania kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi kwa digrii ya mwanzo wanataka 3.8 na kuendelea, na masters wanataka 4.0. Watoto wanaharibu mwaka wa kwanza wakidhani watafidia mbele, hesabu haikubali. Halafu masters, udaktari, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndo uprofesa, na kila ngazi wanahesabu ulichoandika na kuchapisha. Ni safari ndefu sana. Mkopo omba bodi ya Zanzibar mapema, vyeti vyako vyote na cha kuzaliwa hakikisha jina limeandikwa sawa sawa, herufi moja ikitofautiana utahangaika.

Kuhusu kuwa mwanamke kwenye kazi hii. Taka za nyumbani anazikusanya nani? Maji anachota nani, kuni na mkaa anapikia nani? Sisi. Wanawake wa vijijini hapa Unguja wamefundishwa ufundi wa sola na Barefoot College, wengine hawakumaliza skuli, na wanafunga taa majumbani kwa watu. Wewe una PCM. Asikutishe mtu.

mpemba_wa_wesha

Naongezea upande wa umeme kwa vile dada ni wetu wa Pemba. Wengi wanajua habari za Unguja tu, waya wa mwanzo kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba 1980, megawati 45, na ule mpya wa 2013 megawati 100. Sisi Pemba tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya hapa Wesha mpaka 2010 ndo ukaja waya kutoka Tanga, megawati 25. Nakumbuka sauti ya zile injini na moshi wake. Kwahiyo suala la nishati ukilisomea utizame jua na batri kwa ajili ya Pemba peke yake, usitubebe pamoja na Unguja kwenye hesabu moja, matumizi yetu ni mengine kabisa, sie hoteli ni chache, mzigo mkubwa ni saa moja usiku watu wakishatoka magharibi wamewasha taa na feni na tv kwa pamoja, na saa hiyo jua limeshazama. Hapo ndo pana utafiti wa maana.

mtoto_wa_wete

Jamani nimesoma yote mara mbili na nimemsomea na baba. Hesabu ile ya maembe imemfurahisha sana, na ile ya kwamba mtu wa majengo ndo anaejenga jaa amekaa kimya akaniambia lete fomu tuzitizame. Ahsanteni sana kwa kweli.

Injinia naomba la mwisho, mpaka vyuo vifunguliwe nina miezi, kuna kitu naweza kuanza kufanya hapa Wete?

injinia_wa_ngambo

Kipo. Nenda kwa sheha umueleze, afu nenda na barua yake baraza la mji wakuruhusu kukaa na gari moja la taka linapomwaga. Tafuta turubai, glavu ngumu, viatu vilivyofunika, barakoa, na mizani ya kuning'iniza kama ya wauza vitunguu. Usiende peke yako, nenda na ndugu.

Mwageni taka juu ya turubai, zichanganyeni kwa pauro vizuri, mfanye kichuguu, kisha kigaweni mafungu manne kama unakata mkate wa kumimina. Mafungu mawili yanayotizamana yaondosheni, yaliyobaki changanyeni tena, gaweni tena manne, mpaka mbakie na kama kilo 100. Hizo ndo mnazitenga kwa mkono, vyakula na majani huku, makumbi na mbao huku, plastiki, karatasi, chupa, bati, nguo, pempasi, na mchanga. Kila fungu lipime uandike. Sehemu ya mchanga usiidharau, watu wanafagia uwanja kwa fagio la chelewa na mchanga wote unaingia kwenye ndoo, na mchanga hauwaki wala hauozi.

Andika na tarehe, na kama mvua ilinyesha usiku wake, na gari limetoka shehia gani. Rudia siku ya soko na siku ya kawaida. Chukua kilo moja ya taka za chakula, zianike kwenye bati juani mpaka uzito usishuke tena, tofauti ndo maji yake, usikubali zile gramu 700 zangu kwa sababu nimesema mie, pima za Wete. Ukiwa na karatasi ya mwanzo ilete hapa hapa tuipitie pamoja, na huyo ndugu wa Kyushu ataomba aione, namjua tu.

mzanzibari_kyushu

Naomba kabisa. Na kama utapata kipimajoto cha kuchomeka, chomeka ndani ya rundo la zamani kama nusu mita uandike joto, pembeni na katikati.